Black Star ya Tanga, Black Star ya Stockholm

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja alifika kwenye kibanda changu hapa Magomeni akiwa amebeba gitaa lililofungwa kwa kanga. Akaliweka mezani, akafungua fundo taratibu kama mtu anayefungua mtoto mchanga, akaniambia: "Shikamoo fundi. Nataka unichongee shingo. Kama ya Yngwie."

Nimetengeneza magitaa mjini hapa kwa miaka 22. Naletewa magitaa ya kwaya yaliyopinda shingo kwa joto, ya wanafunzi yaliyovunjika kichwa, mabesi ya bendi za dansi yaliyochakaa kwa safari za mikoani. Ombi la namna hii sikuwahi kulipata hata mara moja. Nikamtazama vizuri. Sidhani kama ametimiza miaka 20. Nikamuuliza Yngwie, yule mpiga gitaa wa Sweden, amemjulia wapi, akasema kwenye simu, usiku, akishafunga biashara. Anauza makava ya simu Kariakoo.

Sikumwambia ndiyo wala hapana. Nilimwomba aniachie gitaa nifikirie. Usiku ule nilikaa macho mpaka saa nane, maana kijana alikuwa amegusa jambo ninaloishi nalo tangu mwaka 1990 na ambalo sijapata kulisimulia hata kwa watu wa nyumbani kwangu.

Mimi ni mtu wa Tanga, Ngamiani. Mchana baba yangu alikuwa karani. Usiku wa Ijumaa na Jumamosi alipiga fidla kwenye harusi, akialikwa na vikundi vidogo vya taarabu. Na Tanga ya wakati ule, ukitaja "Black Star", hakuna aliyeinua macho kutafuta nyota. Black Star Musical Club ilikuwa fahari ya mji. Hao ndio walioingiza gitaa la umeme na besi kwenye taarabu, ndio walioimbiwa na Bi Shakila, na kutoka ubavuni mwao wakazaliwa Lucky Star. Baba hakuwa mwanachama wao, ila nyimbo zao alizijua mpaka pale mpiga fidla anapogeuza upinde.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa baharia. Mwaka 1990 alirudi na mfuko wa kaseti alizonunua kwa fungu bandarini Göteborg, Sweden. Hakuzichagua, alichukua kama zilivyo. Mimi nilikuwa na miaka 14, nikazimwaga mkekani nikaanza kuzisoma moja moja. Kwenye moja, wimbo wa kwanza upande A, pameandikwa: Black Star. Nikatoka mbio kumpelekea baba. Kwa akili yangu ya siku ile, Wazungu walikuwa wamerekodi taarabu yetu.

Kaseti ikaanza kwa gitaa lisilo la umeme, pole pole, kama mtu anayejipigia peke yake barazani baada ya isha. Baba akatulia. Kisha ngoma zikaingia, likafuata gitaa la umeme, na mama akaita kutoka uani tupunguze. Baba hakupunguza. Alisogeza kiti. Wimbo ulipokwisha akairudisha kaseti mwanzo, akasikiliza tena wote, kisha akasema: "Huyu kajifunza kwa wapiga fidla, huyu. Na Hijazi anaijua."

Jina lililoandikwa kwenye kaseti lilitushinda kulitamka. Yngwie J. Malmsteen. Albamu, *Rising Force*, ya mwaka 1984.

Niseme kidogo kuhusu hiyo Hijazi, kwa wasiokulia kwenye taarabu. Ni moja ya maqamu, yaani ngazi za sauti, tulizozipata kutoka kwa Waarabu. Kati ya sauti yake ya pili na ya tatu pana hatua ndefu, ndefu kuliko ulivyozoea, na ni hatua hiyo inayoufanya wimbo uwe kama unaomba jambo kwa machozi. Malmsteen aliifikia kwa njia nyingine kabisa. Yeye alikulia kwenye Bach na Vivaldi, na watunzi hao wakiandika ngazi ya huzuni hupandisha sauti yake ya saba. Sasa ichukue ngazi hiyo hiyo, usianze kwenye sauti ya kwanza, anza kwenye ya tano. Utakuta Hijazi imekaa hapo inakusubiri. Baba hakuwahi kumsikia Bach. Yule kijana wa Stockholm, kwa ninavyojua mimi, hakukaa harusini Ngamiani. Wakakutana kwenye redio kaseti yetu, na tangu siku hiyo mimi sikutaka tena kujifunza fidla. Nilitaka gitaa. Baba alikubali, na najua kilimuuma.

Miaka imepita, nimesoma kila nilichoweza kukipata kuhusu mtu huyu. Alizaliwa Stockholm tarehe 30 Juni 1963, na jina alilopewa ni Lars Johan Yngve Lannerbäck. Ni kitinda mimba, watoto watatu; wazazi waliachana yeye akiwa mdogo sana na akalelewa na mama. Malmsteen ni jina la ukoo wa mama yake, alilichukua akiwa bado mtoto akabadilisha herufi kidogo. Hilo peke yake linaniambia mengi kuhusu nani aliyemlea.

Septemba 18, 1970, mpiga gitaa Jimi Hendrix alifariki London. Televisheni ya Sweden ikaonyesha habari zake, na ndani yake akionekana anachoma gitaa lake jukwaani. Mtoto wa miaka 7 akatazama. Gitaa lilikuwepo nyumbani, limetundikwa halina mpigaji. Akalishusha siku hiyo. Mwaka uliofuata dada yake akampa sahani ya bendi ya Deep Purple, *Fireball*, na hapo akampata mwalimu wake wa kwanza, Ritchie Blackmore, mpiga gitaa wa bendi hiyo, ambaye hakujua kwamba ana mwanafunzi Stockholm. Baadaye akiwa kijana akamwona mpiga fidla Gidon Kremer kwenye televisheni akipiga Kaprisi 24 za Niccolò Paganini, yule Mwitaliano wa Genova ambaye watu wa zama zake walisema ameuza roho yake apate kupiga fidla vile.

Wapiga gitaa wengi wa roki walijifunza kwa wapiga gitaa waliowatangulia, na hao kwa wenzao, mpaka unafika kwenye bluzi za Wamarekani Weusi. Malmsteen alifika kwa Paganini na kukaa huko. Alichukua kazi iliyoandikwa kwa upinde akaitafutia vidole. Ukiwa na upinde unaweza kuvuka nyuzi nne kwa mwendo mmoja wa mkono, na kila uzi ukatoa sauti yake safi. Kwenye gitaa, piki, yaani kile kiplastiki cha kupigia, kawaida huenda juu na chini, juu na chini. Yeye akaiacha iteremke kwenye nyuzi tatu, nne, tano kwa mvuto mmoja kama upinde, huku mkono wa kushoto ukikanyaga na kuachia kwa zamu ili sauti zisigongane. Hakuwa wa kwanza duniani kufanya hivyo, lakini yeye ndiye aliyeifanya iwe lugha. Baba alisikia hilo mara ya kwanza tu, kwa kaseti iliyokwisha kuchoka, na hakuwa amewahi kushika gitaa.

Akiwa kijana Malmsteen alifanya kazi kwenye karakana ya kutengeneza magitaa. Alikuwa fundi! Mimi nilipolisoma hilo nilisimama nikazunguka kibanda. Siku moja ikaletwa ala ya nyuzi ya karne ya 17, dada yake udi wetu kwa sura, shingo yake imechongwa vibonde kati ya freti na freti, yaani vile vizuizi vinavyoikatiza shingo. Akaitazama, akachukua gitaa moja bovu, akachonga vile vile. Alipoona linavyopigika, akayachonga na mazuri yake.

Sasa hapa naomba msomaji anivumilie, maana ni kazi yangu.

Gitaa la kawaida, ukikanyaga uzi, ncha ya kidole inagusa mbao. Mbao inakusaidia, inakuambia "basi, umefika", lakini pia inakukwaza: ukitaka kuuvuta uzi pembeni au kuutetemesha, nyama ya kidole inasuguana na ubao. Ukichonga kibonde kati ya freti mbili, kidole kinagusa uzi peke yake. Kinaning'inia hewani. Unaweza kuushika uzi kama unavyoshika kope ya mtoto na kuupeleka unakotaka, na sauti ikaenda nao. Mpiga fidla na mpiga udi hawana freti kabisa, sauti zote zilizo katikati ni zao. Mpiga gitaa amefungiwa kwenye ngazi za chuma. Vibonde vinamrudishia sehemu ya uhuru ule.

Na bei yake ni hii: hakuna mbao ya kukuzuia. Ukikanyaga kwa nguvu kidogo tu kupita kiasi, uzi unazama bondeni, unakazika, na sauti inapanda. Gitaa limefungwa sawasawa, nyuzi ziko sawa, na bado kila unachopiga kinakuwa juu ya wimbo. Malmsteen ameongeza ugumu juu ya ugumu, maana anatumia nyuzi nyembamba sana, wa kwanza inchi 0.008, na anazilegeza nusu sauti chini ya kawaida. Nyuzi laini kiasi hicho juu ya mabonde marefu kiasi hicho! Mtu mwenye mkono mzito hawezi kupiga hata wimbo wa kumlaza mtoto kwenye gitaa lile. Watu wanaosema huyu bwana ni nguvu na kelele, ningependa waje wakanyage shingo ya namna hiyo mara moja.

Blackmore naye alichonga shingo zake, na Mwingereza John McLaughlin pia. Lakini Malmsteen yeye alichonga nafasi zote za shingo, tangu freti ya kwanza mpaka ya mwisho, na mwaka 1988 kampuni ya Fender ilipotoa Stratocaster zenye majina ya wapigaji, za mwanzo kabisa zilikuwa ya Eric Clapton na ya kwake, ya kwake ikiwa imechongwa kiwandani. Gitaa lake mwenyewe analopenda ni Stratocaster ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliyoinunua akiwa kijana Sweden; rangi yake nyeupe imegeuka njano kwa uzee, na kichwani imebandikwa picha ya bata Donald. Wanaliita Bata. Nimelitazama kwenye picha kwa kioo cha kukuzia. Mbao imelika kwa jasho mpaka vanishi imekwisha, imekuwa ya kijivu. Hilo gitaa limefanya kazi.

Stockholm ya mwishoni mwa miaka ya 1970 haikuwa na nafasi kwake. Bendi yake aliianzisha mwaka 1978 akaiita Rising Force, na akakuta watu wa studio wanataka nyimbo fupi za kuchezeka. Akatuma kaseti Marekani kwa Mike Varney, mwenye Shrapnel Records, aliyekuwa pia na ukurasa kwenye jarida la *Guitar Player* wa kutambulisha wapigaji wasiojulikana. Februari 1983 akatua Los Angeles. Alikuwa na miaka 19.

Mambo yakaenda mbio. Akarekodi albamu moja na bendi ya Steeler, akaondoka. Akajiunga na bendi ya Alcatrazz ya Graham Bonnet, aliyewahi kuimba kwenye bendi ya Rainbow, wakatoa *No Parole from Rock 'n' Roll* mwaka huo huo na kwenda kupiga Japani, na ile ya jukwaani, *Live Sentence*, ilirekodiwa huko. Akaondoka tena, nafasi yake ikachukuliwa na mpiga gitaa Steve Vai. Huyu hakuwa mtu wa kukaa kwenye bendi ya mwingine, na sioni sababu ya kumlaumu. Alikuwa na jambo lake kichwani tangu utoto.

Jambo lenyewe ni ile kaseti ya mjomba. *Rising Force*, nyimbo 8, karibu zote hazina mwimbaji. Kinanda alipiga Jens Johansson, Mswidi mwenzake, na mahali pengi kinanda na gitaa vinakimbizana kiasi kwamba utotoni nilidhani ni magitaa mawili. Ngoma ni Barriemore Barlow wa bendi ya Jethro Tull. Besi alipiga mwenyewe. Wimbo wa tano, *Icarus' Dream Suite*, unafunguka kwa ile Adagio inayojulikana kwa jina la Albinoni, na anaupiga bila haraka yoyote. Albamu karibu yote isiyo na mwimbaji ikafika nafasi ya 60 kwenye Billboard, orodha ya mauzo ya Marekani, na ikapendekezwa kupata Grammy.

Nyimbo mbili za kwanza ndizo zilizoniharibu, *Black Star* na *Far Beyond the Sun*. Kila anayemtaja mtu huyu anataja mwendo wa vidole. Ndiyo, mwendo upo, na kabla yake hakuna aliyeusikia kwenye gitaa la umeme kwa usafi ule. Lakini sikilizeni *Black Star* pale gitaa la umeme linapoingia. Ni sauti ndefu. Anaikanyaga, anaiacha isimame wima, halafu ndipo anaanza kuitetemesha, polepole, kwa upana, na kila wimbi linarudi pale pale lilipoanzia. Ndivyo alivyofanya baba kwa fidla kwenye kitangulizi cha harusi, kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Mwendo unaweza kufundishwa. Nimeona vijana wa miaka 15 kwenye simu wanapiga *Far Beyond the Sun* noti kwa noti bila kukosea, na ninawavulia kofia. Ile sauti moja ndefu bado sijamsikia mwingine akiipiga vile.

Mwaka 1985 akatoa *Marching Out* na Jeff Scott Soto akiimba, mwaka 1986 *Trilogy* na Mark Boals. Hizi tatu za kwanza kwangu ndizo nguzo. Anayeanza leo aanzie hapo.

Tarehe 22 Juni 1987, wiki moja kabla ya kutimiza miaka 24, aligonga mti kwa gari lake la Jaguar. Alikaa karibu wiki nzima bila fahamu. Alipozinduka, kichwani alikuwa na damu iliyoganda, na mishipa ya fahamu ya mkono wa kulia ilikuwa imeumia: mkono wa piki, mkono wa upinde. Katika kipindi hicho hicho, mama yake, yule aliyempa jina, alifariki kwa saratani Sweden.

Kuna mtu alikuja kibandani kwangu miaka kadhaa nyuma kuniuzia gitaa lake. Alikuwa mpiga solo wa dansi, mzuri, mimi mwenyewe nilikuwa mshabiki wake. Alianguka na pikipiki, vidole viwili vya mkono wa kulia havikurudi. Alikaa kwenye kile kiti cha wateja, gitaa amelilaza mapajani, na hakulipiga hata uzi mmoja. Nilimpa bei aliyotaka sikuomba apunguze. Gitaa lile sijaliuza mpaka leo, na kila ninaposoma kuhusu mwaka 1987 wa Malmsteen namwona mtu yule alivyoinuka akatoka bila kugeuka.

Malmsteen akaanza upya. Akafundisha mkono mazoezi kama mtoto, na mwaka uliofuata, 1988, ikatoka *Odyssey*. Mwimbaji ni Joe Lynn Turner, naye aliyepita Rainbow, na nyimbo zinaimbika, *Heaven Tonight* hasa. Iliuza kuliko zote kule Marekani, ikafika nafasi ya 40. Sikio langu linaniambia kuna mahali kwenye albamu ile mkono wa kulia unakwenda kwa tahadhari, gitaa linaacha nafasi ambayo mwaka 1984 lingeijaza. Ninaipenda kwa sababu hiyo hiyo.

Februari 1989 akaenda kupiga Moscow na Leningrad, miezi tisa kabla Ukuta wa Berlin haujaanguka. Kumbi zilifurika. Rekodi ya huko inaitwa *Trial by Fire*. Kwenye ile ya Leningrad unasikia watu wakiimba na gitaa, wimbo usio na maneno, wanaimba *sauti za gitaa*. Pale ambapo nisingetegemea mtu ajue chochote kumhusu, walijua kila kona. Nikikumbuka jinsi tulivyomfahamu sisi Ngamiani kwa kaseti ya fungu, sishangai sana.

Miaka ya 1990 nitaipita haraka. Marekani ikageukia muziki wa Seattle, ile roki inayoitwa grunge, mpiga solo akawa kitu cha aibu, na baada ya *Fire & Ice* ya 1992 kampuni ya Marekani ikaachana naye. Japani haikumwacha hata siku moja. Albamu zikafuatana, nyingine nzuri, nyingine zinafanana mno.

Lakini mwaka 1997 alikwenda Prague, akakaa mbele ya Czech Philharmonic chini ya kiongozi Yoel Levi, na kurekodi konseto aliyoiandika mwenyewe kwa gitaa la umeme na okestra. Ilitoka mwaka 1998. Wanamuziki wa roki wengi wamepiga na okestra, na karibu wote wamefanya jambo moja: nyimbo zao zile zile, na fidla zimewekwa nyuma kama mapazia. Yeye aliondoa ngoma, akaondoa besi na mwimbaji, akakaa mahali ambapo kwa miaka 300 amesimama mpiga fidla. Mwaka 2001 akaipiga jukwaani Tokyo na New Japan Philharmonic, na onyesho likarekodiwa kwa video.

Nilimwonyesha baba video hiyo Tanga, kwenye simu yangu, tumekaa uani. Macho yake yamefifia, aliishika simu karibu na pua. Kwanza alihesabu fidla. Akachoka kuhesabu. Kwenye harusi zetu zilikuwa mbili, tatu zikizidi. Kisha akasikiliza bila kutazama, simu ameiegemeza sikioni kama mtu anayepigiwa. Akaniuliza, "Ndiye yule wa kaseti ya mjomba wako?" Nikamwambia ndiye. Akasema, "Basi kafika nyumbani kwao."

Mwaka 2003 alizunguka Marekani na Joe Satriani na Steve Vai kwenye ziara ya G3, na sasa anaishi Florida. *Parabellum* ilitoka 2021. Siku hizi anaimba mwenyewe, anarekodi mwenyewe, anasimamia kila kitu mwenyewe, na hapo mimi na yeye hatukubaliani. Nasema kwa mapenzi ya mtu aliyemfuata miaka zaidi ya 30: namtamani tena Soto au Boals kwenye kipaza sauti, na namtamani mtu kama Jens Johansson wa kumkimbiza. Gitaa lake lilikuwa zuri zaidi lilipokuwa na wa kujibizana naye. Hata taarabu haipigwi na mtu mmoja. Lakini mkono ule wa kushoto haujazeeka. Niliweka *Parabellum* usiku ule baada ya kijana kuondoka, na ile sauti ndefu bado inasimama wima kabla haijaanza kutetemeka.

Nikaamua kuchonga.

Gitaa la kijana si Fender, ni la bei ya chini, lakini mbao ya shingo ni ngumu na imenyooka. Nilifungua nyuzi, nikafungua shingo, nikaibana kwenye jiliwa juu ya kitambaa. Freti zote nikazifunika kwa karatasi ya gundi zisikwaruzwe. Nikaanza kwa tupa ya mviringo kutoka freti za juu, kule ambako nafasi ni nyembamba na kosa linaonekana zaidi, kwa sababu nilitaka hofu iishe mapema. Vibonde 21. Nilipofika cha saba mkono ulishajua wenyewe. Usiende ndani sana: chini ya ubao ule kuna chuma cha kunyoosha shingo, na mbao ikishatoka hairudi. Baada ya tupa, msasa, mzito kisha mwepesi kisha ule laini kabisa kama karatasi ya daftari. Baada ya msasa, vanishi, mara tatu, kila mara siku nzima kukauka. Siku tisa jumla. Bei niliyomtajia haifiki hata gharama ya vanishi.

Jana usiku nikaifunga shingo, nikaweka nyuzi nyembamba, nikazilegeza nusu sauti. Nikachomeka spika ndogo. Nilikanyaga uzi wa kwanza, freti ya 12, na kwa mara ya kwanza maishani kidole changu hakikugusa mbao. Nikampigia baba simu Tanga. Ilikuwa saa nne, alikuwa bado macho. Nikamwambia, "Shikamoo baba, sikiliza hii." Nikaweka simu mezani mbele ya spika, nikaipiga sauti moja, nikaisimamisha kadiri nilivyoweza, nikaanza kuitetemesha.

Kimya kidogo upande wa pili. Nikasikia anakohoa.

"Iko juu, mwanangu," akasema. "Punguza mkono. Rudia."